ULIMI WA MCHANGA: HISTORIA YA UKINGO WA ZIWA KUTOKA SHINYANGA HADI GEITA

Utangulizi

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo aghalabu huzitumia kila moja mahali pake. Ya kwanza yasema, haba na haba hujaza kibaba. Ya pili yasema, bandu bandu huisha gogo. Mahali ambapo methali hizi mbili hukutana zikawa jambo moja ni kwenye ukingo wa bahari au wa ziwa. Hapo mchanga hujikusanya chembe kwa chembe, miaka nenda miaka rudi, hata ukafanya ulimi mrefu uingiao majini. Na papo hapo maji hayo hayo huubandua ulimi ule kidogo kidogo, hata siku moja wakazi wakaamka na kuona kwamba mahali walipokuwa wakianika samaki pamekuwa kina.

Watu wa Pwani wanayajua mambo haya tangu zamani, na lugha yao inashuhudia. Wanalo neno fungu, yaani kilima cha mchanga kilichomo baharini, ambacho huonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Lakini mchanga wa namna hiyo si mali ya bahari peke yake. Nchi yetu ina sehemu kubwa ya Ziwa Viktoria, ambalo wenyeji wengi wa kando yake huliita Nyanza, na kando ya ziwa hilo, katika ghuba za Mkoa wa Geita na za majirani zake, mchanga hufanya kazi ile ile ya kujenga na kubomoa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ulimi wa mchanga unavyoumbwa katika sehemu hizo, jinsi unavyoliwa na maji, na jinsi binadamu wanavyoutumia. Hoja yetu kuu ni kwamba historia ya ukingo wa ziwa haianzii majini. Huanzia mlimani na shambani, mbali na mahali ambapo mtu angeweza kusikia sauti ya mawimbi. Kwa sababu hiyo mwanafunzi atakayetaka kuielewa fukwe ya Geita atalazimika kwanza kupanda vilima vya Shinyanga.

Mchanga watoka wapi?

Msafiri apitaye kati ya Shinyanga na Mwanza huona vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, mengine yakiwa yamesimama kana kwamba yamewekwa na mikono ya watu. Mawe hayo ni matale, na ni miongoni mwa mawe ya kale kabisa duniani. Umri wake hupita miaka bilioni mbili na nusu. Kando ya matale hayo kuna miamba mingine ya kale, yenye rangi ya kijani kibichi na yenye chuma kingi, na ndani ya miamba hiyo ndimo inamopatikana dhahabu ya Geita na ya Kahama.

Jiwe la matale huonekana gumu, lakini haliishi milele. Jua la mchana hulipanua, baridi ya usiku hulifinyaza, na maji ya mvua huingia katika nyufa zake na kulioza polepole. Sehemu ya jiwe huyeyuka ikawa udongo mwororo wa mfinyanzi. Sehemu nyingine, iliyo ya madini magumu yaitwayo kwatsi, haiozi. Hubaki kama chembe ndogo nyeupe zenye kung'aa. Chembe hizo ndizo mchanga. Kwa hiyo kila kilima cha Usukuma ni ghala la mchanga, na kila masika hulifungua ghala hilo kidogo.

Wasukuma hawakungoja kufundishwa mambo haya na wataalamu. Katika lugha yao, ardhi inayoshuka kutoka kilimani hadi bondeni ina jina jipya kila inapobadilika. Karibu na mawe kuna isanga, udongo wa mchanga wa chembe nene. Chini yake kuna luseni, mchanga mwingi na mlaini zaidi. Kisha huja itogolo, ardhi ngumu isiyopitisha maji, na mwisho kabisa mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa miguu wakati wa mvua. Kila jina lina kazi yake ya kilimo. Isanga na luseni ni mahali pa mihogo, karanga, njugu mawe na viazi vitamu. Sehemu za chini hukatwa majaluba ya mpunga. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alipoeleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo, alikuwa akiipa sayansi ya dunia wazo ambalo mkulima wa Usukuma alikuwa akilitembea kila siku akienda shambani.

Yafaa sasa tuangalie njia ambayo mchanga huo hupita. Shinyanga ni nchi ya mgawanyiko wa maji. Mvua inyeshayo upande wa kusini hukusanywa na Mto Manonga na kuelekea mbuga za Wembere, wala haifiki kamwe Ziwa Viktoria. Mvua inyeshayo upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi huingia katika mito kama Isanga na Moame, ambayo huishia kusini mwa Ghuba ya Mwanza. Mito hiyo si kama Kagera, ambao hutiririka mwaka mzima. Mingi kati yake hukauka wakati wa kiangazi, na mtu akaona mahali pa maji pamebaki njia pana ya mchanga mweupe. Wenyeji huchimba visima katika mchanga huo, kwa maana maji hujificha chini yake. Hapo mchanga hupumzika, ukingoja mafuriko ya mwaka unaofuata yausukume hatua moja zaidi kuelekea ziwani.

Ulimi unavyoumbwa

Mto unapofika ziwani hupoteza nguvu zake. Huutua mzigo wake kama mpagazi aliyefika kambini: kwanza mchanga mnene, kisha mchanga mwembamba, na mwisho tope, ambalo husafiri mbali na kutua mahali penye kina na utulivu. Kuanzia hapo kazi huchukuliwa na upepo na mawimbi.

Ziwa Viktoria halina maji kujaa na kupwa kwa kiasi cha kuonekana na jicho. Lakini lina upana wa kutosha kwa upepo kuinua mawimbi makubwa, kwa kuwa eneo lake hukaribia kilometa za mraba 69,000. Wimbi likiupiga ukingo kwa mshazari, huusukuma mchanga mbele kwa mshazari. Maji yakirudi nyuma, huuvuta moja kwa moja kushuka. Hivyo chembe ya mchanga hupanda na kushuka, na kila mara hujikuta imesogea kidogo upande mmoja. Jambo hili likirudiwa mamilioni ya mara, mchanga husafiri kufuata ukingo wote. Ukingo unapopinda ghafula, kama vile penye mdomo wa ghuba, mchanga haupindi pamoja nao. Huendelea mbele kwa mwelekeo wake wa awali na kujilaza majini. Huo ndio mwanzo wa ulimi. Ukirefuka hadi kuifunga ghuba, basi ghuba hiyo huwa ziwa dogo peke yake.

Mfano mkubwa wa jambo hilo upo Uganda, karibu na Masaka. Ziwa dogo la Nabugabo hapo kale lilikuwa ghuba ya Ziwa Viktoria. Miaka ipatayo 4,000 au 5,000 iliyopita, mchanga uliifunga ghuba ile. Samaki waliofungiwa ndani waliishi bila kuchanganyika na ndugu zao, na baadhi yao wamekuwa aina za pekee ambazo wataalamu hawakuzikuta mahali pengine. Ukuta wa mchanga, ambao mtoto angeweza kuuchimba kwa mikono, ulitosha kutenga ukoo na ukoo.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini mambo makubwa ya namna hiyo yawe upande wa magharibi, na yasiwe Geita? Jibu limo katika upepo na katika umbo la nchi. Kwa miezi mingi ya mwaka upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki. Ukingo wa magharibi, kutoka Bukoba hadi Masaka, hupokea mawimbi yaliyovuka ziwa zima, nao umenyooka na una fukwe ndefu za mchanga. Ukingo wa kusini, ambako ndiko Geita iliko, huwa umeupa upepo huo kisogo. Tena nchi yake ni ya mabonde ya kale yaliyozamishwa na ziwa, kwa hiyo imejaa ghuba, rasi za mawe na visiwa. Ghuba ya Mwanza ni bonde la namna hiyo. Ni nyembamba kiasi kwamba mwaka 2025 daraja lenye urefu wa kilometa 3 hivi lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Katika nchi kama hiyo mchanga haupati nafasi ya kujenga kuta ndefu. Hujenga fukwe fupi kati ya rasi na rasi, na ndimi ndogo kwenye midomo ya ghuba, zinazosukumwa na upepo wa mchana utokao ziwani na dhoruba za usiku.

Udogo wa ndimi hizo usitudanganye. Kitu kidogo ndicho kinachoweza kutoweka katika maisha ya mtu mmoja, na kwa hiyo ndicho kinachogusa zaidi historia ya watu.

Mwalo

Ukingo wa Geita umekaliwa tangu zamani na Wazinza, Wasukuma, Wakerewe na wengineo. Katika nchi ya Uzinza waliishi pia Walongo, mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma, ambao majembe yao yaliuzwa mbali. Watu hao wote walihitaji mahali pa kupandisha mitumbwi, na mtumbwi hauwezi kupandishwa juu ya mawe wala katikati ya mafunjo. Wahitaji mchanga. Pale penye ulimi wa mchanga pana faida mbili kwa mara moja: upande wa nje pana ufukwe mgumu wa kuvutia vyombo, na upande wa ndani pana maji matulivu ya kuegesha wakati wa dhoruba.

Mahali pa namna hiyo huitwa mwalo. Mialo kama Nkome, katika Wilaya ya Geita, imekuwa miji ya wavuvi, wachuuzi, mafundi mitumbwi na mama lishe. Katika usiku wa giza, wakati mwezi haupo, wavuvi wa dagaa huwasha taa majini. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu za jua. Alfajiri dagaa hushushwa, na kazi huingia mikononi mwa akina mama, ambao huwatandaza juu ya mchanga uliopata joto. Kwa hiyo mchanga ni ghala, ni jiko na ni soko. Hata hivyo dagaa walioanikwa mchangani huchukua chembe za mchanga, na mnunuzi huwashusha bei. Ndiyo maana wataalamu wa uvuvi wamehimiza matumizi ya vichanja. Lakini kichanja hugharimu fedha na mbao, na mchanga ni wa bure. Mama mwenye mtaji mdogo huchagua kile anachoweza.

Samaki nao wanautegemea mchanga. Sato dume huchimba kishimo katika mchanga wa maji mafupi ili jike aje kutaga hapo, kabla ya kuyabeba mayai kinywani mwake. Nyuma ya ulimi, penye utulivu, huota mafunjo na matete, ambayo huwaficha samaki wadogo na kuyachuja maji yatokayo nchi kavu. Kokoro, wavu mrefu uvutwao hadi ufukweni, hutafuta mahali hapo hapo pasipo na mawe, na huondoka na wazazi na watoto pamoja. Ndiyo maana sheria imelikataza, na ndiyo maana tangu mwaka 1998 wavuvi wameanza kuundiwa vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi katika mialo yao wenyewe.

Neno mwalo lina historia nyingine ambayo haina budi kutajwa. Katika ukanda wa dhahabu, mbali na ziwa, wachimbaji wadogo huita mwalo mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu. Mawe yaliyochimbwa shimoni husagwa katika makarasha yakawa unga na mchanga. Kisha mchanga huo hupitishwa na maji juu ya ubao uliotandikwa gunia au zulia, ili dhahabu iliyo nzito itue na mchanga ulio mwepesi uende zake. Kinachobaki huitwa marudio. Ukitafakari utaona kwamba mchimbaji anafanya kwa saa moja kazi ile ile ambayo mlima, mto na ziwa hufanya kwa maelfu ya miaka: kuvunja jiwe, kuliosha, na kutenganisha kizito na chepesi. Tofauti ni kwamba mchanga wa ziwani ni safi, na mchanga wa mwalo wa dhahabu huenda ukawa na zebaki.

Ulimi unavyoliwa

Ulimi wa mchanga unafanana na mkoba wa mtu anayepokea na kutoa. Ukipokea zaidi ya unavyotoa, hurefuka. Ukitoa zaidi ya unavyopokea, hufa. Katika Ziwa Viktoria kuna jambo moja linaloweza kuibadili hesabu hiyo ghafula, nalo ni kupanda na kushuka kwa maji.

Kati ya mwaka 1961 na 1964, baada ya mvua ambazo wazee bado wanazisimulia, ziwa lilipanda kwa zaidi ya meta 2. Kwenye ukingo wa mawe, meta 2 si kitu. Kwenye ufukwe ulioteremka polepole, meta 2 kwenda juu ni mamia ya meta kwenda ndani. Mashamba, njia na vijiji vya ukingoni vilifunikwa, na ndimi za zamani zikazama. Miaka ya 2005 na 2006 ziwa lilishuka sana, na watu wakalima na kujenga mahali palipoachwa wazi. Mwezi Mei 2020 maji yalipanda tena na kupita kiwango cha mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda zaidi. Waliojenga wakati wa kushuka walijikuta wamejenga ndani ya ziwa. Ziwa halikuwa limevamia nchi ya mtu. Lilikuwa limerudi kwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni, huonekana kali kwa mtu asiyeijua historia hii.

Sababu nyingine ni mkono wa binadamu. Yafaa hapa tutoke kidogo Ziwani twende Pwani, kwa kuwa huko kuna mfano unaojulikana vizuri. Karibu na Pangani kulikuwa na kisiwa cha mchanga kiitwacho Maziwe, chenye miti, ambacho kasa wa aina mbalimbali walikwenda kutaga mayai. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi. Lakini miti ilikatwa, mizizi iliyokuwa ikiushika mchanga ikaoza, na mawimbi yakafanya yaliyobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwisha. Lililobaki ni fungu linalozama maji yakijaa. Wataalamu hujadili ni kiasi gani cha hasara hiyo kilitokana na shoka na kiasi gani kilitokana na bahari yenyewe. Kwa kasa aliyerudi kutafuta mahali alipozaliwa, mjadala huo ulikuwa umekwisha. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, uchimbaji wa mchanga wa ujenzi katika vijito vinavyoingia baharini ulihesabiwa miongoni mwa sababu za fukwe kuliwa. Mchanga ulioingia katika kuta za nyumba za mji haukuweza tena kuingia katika ufukwe.

Funzo hilo laihusu Geita na Kahama moja kwa moja. Miji ya dhahabu imekua kwa haraka, na kila nyumba ya matofali ya saruji ina mchanga wa mto ndani yake. Mto uliochimbwa sana hufikisha ziwani mchanga mchache. Wakati huo huo, ardhi iliyokatwa miti na kulishwa kupita kiasi huteremsha tope jingi. Ndipo ziwa linapopata madhara mawili yaliyo kinyume: hupungukiwa na kile kinachojenga ufukwe, na huzidishiwa kile kinachochafua maji na kuzika mazalio ya samaki. Kwa hiyo si kweli kwamba mmomonyoko wa bara hujenga ukingo. Mchanga safi hujenga, tope huzika.

Ardhi ya juu na watu wake

Tukishakubali kwamba ukingo hulishwa na bara, hatuna budi kuuliza ni nini kiliipata ardhi ya bara. Hapa historia ya Shinyanga ina mafunzo mazito.

Katika miaka ya 1920 Shinyanga ilikuwa kituo kikuu cha mapambano dhidi ya mbung'o. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza kazi hiyo chini ya serikali ya kikoloni, alishirikiana na Mtemi Makwaia wa Usiha, na maelfu ya watu walitoka kufyeka vichaka kwa pamoja. Mbung'o walirudi nyuma, na ng'ombe na watu wakapata nchi ya kuishi. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, na waliougua malale waliufahamu kuliko wengine. Lakini miti iliyoondoka haikurudi, na pamba, ambayo serikali na wakulima wote waliitaka, ilipanua mashamba mwaka hadi mwaka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakoloni waliona makorongo na kuwalaumu wakulima na ng'ombe wao. Kuanzia mwaka 1947 mpango wa kuendeleza Usukuma ulileta amri za kupunguza mifugo, kulima kwa matuta na kuhama. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na maana ya kitaalamu; lakini zilitolewa kwa faini na kwa vitisho, na watu walizichukia. Chuki hiyo ilichangia nguvu ya siasa ya ukombozi katika Kanda ya Ziwa, ambako TANU ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana kwa wingi hadi Mwanza kuyapinga mabaraza yaliyoundwa bila ridhaa yao. Hivyo udongo na uhuru viliingia katika historia moja. Mtu aliyelazimishwa kuitunza ardhi huona utunzaji wenyewe kuwa ni utumwa.

Wasukuma walikuwa na njia yao. Waliacha sehemu ya ardhi ipumzike wakati wa masika, bila kulishwa wala kulimwa, ili majani na miti ikue na mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Kila ukoo ulijua mipaka ya ngitili yake, na jumuiya ilijua adhabu ya mtu aliyeivunja. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji, nia ilikuwa njema: kuwafikishia shule, maji na zahanati. Lakini familia nyingi ziliondoka mahali penye ngitili zao, na ardhi iliyokosa mwenyewe ikakosa mlinzi. Ukweli huo hauna budi kusemwa, kwa sababu taifa linalojiamini hujifunza kutokana na matendo yake.

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alipoitembelea Shinyanga alisikitishwa na hali ya ukame na ukiwa aliyoiona. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Ilipoonekana kwamba miche ya kupandwa haikutosha, wataalamu waliwauliza wazee, na wazee wakawaambia juu ya ngitili. Mradi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya kimataifa. Hakuna mti uliozaliwa na tuzo hiyo. Ilizaliwa na miti, na miti ilizaliwa na desturi iliyoheshimiwa upande wa pili wa karne.

Maji yanayopanda na mchanga unaoshuka

Tangu mwaka 2009 historia hii imepata sura mpya. Maji ya Ziwa Viktoria huvutwa kutoka Ihelele, katika Wilaya ya Misungwi, na kupandishwa kwa mabomba hadi Shinyanga na Kahama. Nchi iliyojulikana kwa kiu sasa hunywa maji ya ziwa. Mji wa Geita nao pamoja na mgodi wake mkubwa, uliofunguliwa mwaka 2000 katika eneo ambalo uchimbaji wa zamani ulisimama mwaka 1966, hutegemea Ghuba ya Nungwe.

Basi tazama jinsi mzunguko ulivyofungika. Shinyanga hushusha udongo wake kwa mito. Ziwa huipandishia Shinyanga maji kwa bomba. Mkulima anayekata kichaka kando ya kijito cha Isanga, mfugaji anayevunja ngitili, mchimbaji anayemwaga marudio yake mtoni, na mkandarasi anayepakia mchanga wa mto usiku, wote wanagusa kikombe watakachonywea watoto wao. Zamani mtu wa bara angeweza kusema kwamba mambo ya mwalo ni ya wavuvi. Leo hawezi kusema hivyo tena. Atakayechafua kisima atarudi kukichota.

Upande wa pili wa jambo hili ni haki. Faida ya dhahabu huonekana upesi, nayo hukusanywa na wachache; hasara ya ufukwe huja polepole, nayo huwaangukia wengi, hasa mama wa dagaa asiye na kichanja na mvuvi asiye na bandari. Kwa kuwa hasara hiyo huja chembe kwa chembe, haina siku ya kuadhimishwa wala ya kulaumiwa. Hiyo ndiyo hatari yake kubwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba ulimi wa mchanga ni mwisho wa safari ndefu inayoanzia katika jiwe la matale. Tumeona kwamba upepo huuchonga, kwamba maji ya ziwa huuzamisha na kuufunua, na kwamba watu huutumia kwa uvuvi, biashara na makazi. Zaidi ya hayo tumeona kwamba ardhi ya Shinyanga iliharibika pale maarifa ya wenyeji yalipopuuzwa, na ikaanza kupona pale yalipoulizwa.

Walimu wa shule zilizo karibu na ziwa wanaweza kuifanya historia hii kuwa somo lenye uhai. Wanafunzi na wapige vigingi kwenye ufukwe na kupima kila mwezi maji yamefika wapi. Wawaulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1964, na waandike majina ya mahali palipozama, kwa maana jina likisahauliwa hata kumbukumbu ya mahali hutoweka. Walimu wa shule za bara na wawapeleke wanafunzi wao penye ngitili na penye korongo, siku moja, ili waone tofauti kwa macho yao. Kisha shule hizo mbili ziandikiane barua na kulinganisha yale ziliyoyaona, moja ikieleza habari za kilima na nyingine habari za ufukwe.

Haba na haba hujaza kibaba, na bandu bandu huisha gogo. Mchanga hauna upendeleo kati ya methali hizo mbili. Ni sisi, wa mlimani na wa ukingoni, tunaoamua ni ipi itakayosimuliwa juu ya nchi yetu.